Kabla hujapiga Windows upya, ifungue kwanza hiyo bakapu yako

Mara ya kwanza kupiga Windows mwenyewe, yaani kuifuta na kuiingiza upya, nilikua najiamini vibaya sana. Nina steshenari ndogo, tunachapa, tunatoa kopi, kadi za harusi, picha za pasipoti, na laptop ya ofisi ilikua imechoka, unaiwasha unaenda kunywa chai unarudi bado inazunguka tu. Nikachomeka hadi diski, nikaburuta kila kilichokua kwenye desktopu nikatupia huko iwe bakapu, yaani nakala ya akiba, nikaona majina yote yapo, Mitihani, Kadi, Wateja, nikasema poa. Nikafomati, yaani nikafuta kila kitu kwenye laptop.

Kuja kufungua Kadi, inaniambia haipo. Mitihani, hivyo hivyo. Naangalia ukubwa, kila moja KB 2. Kumbe nilikopi shotikati, vile vialama vyenye kamshale pembeni, mafaili yenyewe yalikua kwenye folda nyingine ambayo nimeshaifuta kwa mkono wangu. Kesho yake asubuhi mwalimu akaja kuchukua mtihani wake. Niliuchapa upya bure, na huyo mwalimu hajarudi tena.

Kwa hiyo siku hizi sifomati mashine ya mtu mpaka nichukue ile hadi diski nikaichomeke kwenye kompyuta NYINGINE, nifungue mafaili matano sita ya kubahatisha, la Word moja, picha moja, na lile la zamani kabisa. Lazima iwe nyingine, maana kwenye ile ile shotikati inafunguka vizuri tu na wewe unaona mambo safi.

Halafu kuna wale wa "vitu vyangu vyote viko D". Ndugu yangu, C na D mara nyingi ni diski moja imekatwa vipande viwili, ikifa zinakufa zote, na wakati wa kupiga Windows ukifika kwenye ile listi ya vipande, Partition 1, Partition 2, ukaanza kudilit ili usafishe, D nayo imeenda. Kabla hujafika hapo chomoa na hadi diski ya bakapu, maana nayo itajitokeza kwenye listi hiyo hiyo na saa sita usiku macho hayaoni vizuri.

Vitu ambavyo watu wanasahau: bukumaki na paswedi za brauza, mafaili ya Downloads, na kwa sisi wa kadi, FONTI. Nilirudisha kadi zote za mwaka mzima, nikafungua moja, majina ya bwana na bibi harusi yamegeuka maandishi ya barua ya serikali. Fonti, yaani mitindo ya herufi, nyingi zinakaa ndani ya folda ya Windows yenyewe, ukifomati zinaondoka nayo, na kwenye bakapu ya Documents huzikuti.

Sasa kama mashine imegoma kuwaka kabisa na hukua na bakapu, usikimbilie kufomati. Mimi umeme ulikatika katikati ya apdeti, betri yenyewe ilishakufa zamani, ukirudi inaishia kwenye kioo cha bluu tu. Nilichofanya, nikatengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta ya jirani (iwe GB 8 kwenda juu, na kila kilichomo kinafutwa), nikawashia hiyo, ikifika kwenye ile ya kuchagua lugha unabonyeza Shift na F10, kinakuja kidirisha cheusi, andika notepad, bonyeza enta. Nenda File, Open, pale chini chagua All Files, na hapo diski yako nzima unaiona. Bonyeza kulia kwenye folda, kopi, nenda kwenye hadi diski, pesti. Haionyeshi imefika asilimia ngapi, inaganda kama imekufa, iache. Mimi folda ya picha ilikaa kama dakika arobaini na moyo unanidunda, lakini zilitoka zote. Ila herufi za diski zinaweza kubadilika humo, C ikaitwa D, kwa hiyo angalia kilichomo usiangalie herufi.

Laptop mpya ni habari nyingine. Ya mdogo wangu ilikuja na Windows 11 na diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila mwenyewe kujua, ikaomba namba ya tarakimu 48. Bahati alikua anakumbuka akaunti yake ya Microsoft, namba tukaikuta humo. Angekua kaisahau paswedi yake, ujanja wa notepad usingemsaidia kitu. Izime hiyo au andika namba kwenye daftari wakati mashine bado nzima.

Najua wengi mnapiga upya sasa hivi sababu Windows 10 imeachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Sawa, ila 11 inataka TPM 2.0 (kachipu ka usalama ndani ya mashine) na prosesa ambayo sio ya zamani sana, angalia hilo kabla hujafuta chochote.

Ukimaliza, usishangae WiFi haipo. Draiva yake, ile programu ndogo inayoiendesha, haijaingia, na ya kuipata iko intaneti ambako huwezi kwenda. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa tethering, bando la simu litaingia kwenye laptop, apdeti ivute draiva zake yenyewe. Waya uwe wa kupitisha data, maana hizi za mia tano nyingi zinachaji tu, na hiyo nayo niliijua saa saba usiku.