Mikono inayopasuka kwa kuosha vyombo
Pole sana dada. Kuosha vyombo mgahawani kutwa nzima, halafu usiku vidole vinawasha na kupasuka, nakuelewa kabisa. Mimi ilinianzia chini ya pete, maana sabuni hujificha pale. Vua pete kabla ya kazi. Vaa glavu za mpira, ndani utangulize za pamba, na zikilowa jasho badilisha mara moja, usivumilie. Ukinawa, tumia maji ya uvuguvugu, jifute taratibu mpaka katikati ya vidole, kisha paka mafuta ya mgando kwa wingi. Ndimu ya kutolea harufu ya samaki iache kabisa, inachoma michubuko. Krimu ya steroidi, ile dawa kali ya kupaka ya kutuliza muwasho na uvimbe, usijinunulie tu, muone daktari. Ukiona usaha, nenda leo leo.