Kijisanduku cha maneno 50 hakijazwi kwa fomu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya bweni mkoani Iringa na mlezi wa klabu ya waandishi. Tunaandaa kitabu cha kumbukumbu cha Kidato cha Nne, kurasa 48. Cha mwaka jana kilijaa insha ndefu. Watoto walitazama picha wakakifunga. Mwaka huu tunataka habari fupifupi za visanduku. Mpanga kurasa wa kiwanda tunachochapishia ametuletea violezo tayari, "Chakula nikipendacho", "Ndoto yangu", "Sitasahau", pamoja na fomu ya kuwagawia wanafunzi. Anasema fomu zikijazwa, kitabu kitakuwa tayari kwa wiki moja. Tuchague visanduku vya aina gani, na kurasa mbili zinazotazamana zibebe vingapi?

JIBU: Mwalimu, nianze na hesabu ili tuimalize. Kurasa mbili zinazotazamana zibebe picha moja kubwa na visanduku viwili, vikizidi sana vitatu, kila kimoja maneno 40 hadi 80. Vikifika vitano, jicho linakosa pa kutua. Kurasa 48 zinagawanyika kwa nne, na karatasi moja iliyokunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kubana kwa pini hakutakupa shida.

Sasa hiyo fomu. Naomba uirudishe ilikotoka.

Kila mwaka ikikaribia likizo ya Juni napata swali hili kutoka shule mbalimbali, na karibu kila mara nyuma yake yuko mtu mwenye violezo na ahadi ya wiki moja. Anachouza ni imani kwamba habari fupi ni kazi fupi. Katika kazi hii hakuna kosa linaloniudhi kama hilo, maana ndilo linalowanyang'anya watoto kumbukumbu yao wenyewe. Mwenye insha ya maneno 600 anaweza kujificha nyuma ya "tulipanda milima na kushuka mabonde". Mwenye kijisanduku cha maneno 50 hana pa kujificha. Kila neno lazima libebe jambo ambalo mtu alilifuata, akaliuliza, akaliandika daftarini.

Chukua hicho "Chakula nikipendacho". Niliwahi kuletewa kitabu kilichotengenezwa kwa fomu za namna hiyo. Ukurasa baada ya ukurasa: wali kuku, chipsi, pilau. Shuleni kwao pilau ilipikwa siku ya mahafali tu! Makande waliyokula miaka minne hayakutajwa hata mara moja. Ungefunika jina la shule pale juu, kitabu kile kingekuwa cha shule yoyote kutoka Kagera hadi Mtwara.

Badala ya fomu, omba ruhusa kwa mwalimu wa zamu upeleke wanafunzi wawili jikoni kabla hakujapambazuka. Wamwulize mpishi mahindi yanaingia sufuriani saa ngapi, kilo ngapi, maharage yanafuata lini, kuni zinatoka wapi, sufuria lile limekuwapo tangu lini, na ni nani wanaorudi kuomba ukoko. Katika shule moja niliyosaidia, wasichana wawili walitoka jikoni na kurasa sita za daftari. Tuliketi nazo jioni nzima tukizichuja, tukabaki na maneno 62, yamepangwa kwa saa: saa tisa usiku moto unawashwa, saa kumi mahindi yanaingia, na kuendelea hivyo mpaka kengele ya saa saba mchana. Mstari wa mwisho ulisema kwamba mpishi yule anawatambua wanafunzi kwa bakuli zao kuliko kwa sura. Hakuna fomu duniani ingeleta mstari huo, maana hakuna fomu inayomuuliza mpishi.

Kwa hiyo unaponiuliza aina ya visanduku, nakuomba usichague kwanza. Umbo hutoka kwenye ulichokipata. Jambo lenye mwendo, kama siku ya usafi wa bweni au safari ya timu kwenda UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari), lipangwe kwa saa. Jambo wanalolijua wote lakini kila mmoja kwa namna yake, mfano usiku wa kwanza bwenini, lipewe sauti za watu watano au sita, sentensi moja moja, na sentensi hizo zitofautiane. Wakisema kitu kimoja, chapisha mmoja. Kitu kimoja chenye historia kitosheke na picha yake na maelezo: tranka lililopita kwa ndugu watatu, au ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini mnayoigonga kama kengele. Nani aliileta? Nani anaigonga siku hizi, na anajuaje saa? Naam, hapo ndipo penye habari.

Namba nazo zinapendwa, na zinaharibiwa sana. Nimeona "asilimia 80 ya wanafunzi wanapenda Hisabati" kumbe mwandishi aliwauliza marafiki kumi waliokaa madawati ya mbele. Kama mmewauliza kumi, andikeni kumi, na mwaseme ni wa darasa gani. Namba nzuri za kitabu cha shule ni zile mnazoweza kuzihesabu kwa mkono: ndoo za maji kwa siku, ngazi za kupanda kwenda maabara, madaftari aliyomaliza mwanafunzi mmoja tangu Kidato cha Kwanza.

Watu wa violezo hupenda kutaja kwamba utafiti umethibitisha nguvu ya habari fupi. Utafiti upo. Taasisi ya Poynter ya Marekani ilifuatilia macho ya wasomaji wa magazeti katika EyeTrack07, matokeo yakatoka 2007, na waliosoma habari iliyopangwa kwa maswali na majibu, mfuatano wa matukio au orodha walikumbuka mambo mengi kuliko waliosoma makala ya kawaida. Ila yale mambo ya kukumbuka yalikuwapo ndani ya habari. Kisanduku chenye "Ndoto yangu: kuwa daktari" hakina la kukumbukwa, ukipambe rangi upendavyo.

Na ubaya hauishii kwenye uvivu. Fomu zikirudi tupu au nusu, baadhi ya hawa mafundi hujaza wenyewe, na siku hizi wanaipa kazi programu ya akili mnemba, iwatungie watoto mia moja kauli mia moja kwa dakika chache. Nimewahi kukaa na mzazi aliyeshika kitabu mkononi, jina la binti yake likiwa chini ya maneno kwamba atakachokumbuka ni kulala darasani. Binti hakuwahi kuyasema. Kitabu kilikwisha kugawiwa kwa watu zaidi ya mia, na hakirudi. Kumwekea mtu maneno mdomoni ni uongo, hata yakiwa maneno matamu, hata yakiwa matano. Vilevile visanduku vya kura, "Msinziaji wetu", "Mlafi wa bweni": darasa linacheka siku moja, na mmoja anabaki na jina hilo maisha yake yote. Vitupe.

Tena angalia chini ya fomu uliyopewa. Nyingi nilizoziona zinauliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi, kisha zinazichapa pembeni ya picha ya mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hata isingekuwapo, kitabu kinachozunguka mitaani si mahali pa namba ya simu ya mama wa mtu. Picha na maneno ya watoto yatumike kwa ridhaa ya wazazi, ridhaa iliyoandikwa.

Kuhusu muda: wiki moja inatosha kupanga kurasa, lakini kukusanya kunataka muhula. Mtihani wa taifa ni Novemba na mahafali huwa kabla yake, kwa hiyo anzeni sasa, jozi moja ya wanafunzi kwa kila kurasa mbili, na wasiguse kompyuta kabla hujaliona daftari. Mimi huwa nadai maandishi ya daftarini yawe mara kumi ya yatakayochapwa. Daftari likiwa tupu, kisanduku hicho kifutwe na picha ipanuliwe.

Kisha chapeni nakala moja ya majaribio, ya rangi nyeusi tu inatosha, muiweke maktaba siku tatu. Kila aliyetajwa asome jina lake na maneno yake, arekebishe tahajia, asaini pembeni kwa kalamu. Mpishi naye aitwe. Kama hasomi, asomewe.