Joto Wakati wa Kuchaji Kifaa Kilichopandikizwa Mwilini: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Bwana Mhandisi, pokea salamu zangu kutoka Umoja. Baba yangu mzazi alipandikizwa kifaa cha kusisimua uti wa mgongo alipokwenda India kutibiwa maumivu ya mgongo yaliyokuwa yamemshinda. Betri yake huchajiwa bila waya, kwa chaja ya duara anayojifunga kiunoni kwa mshipi. Siku hizi akimaliza kuchaji, ngozi ya mahali pale huwa nyekundu na yenye moto, na chaja yenyewe hujizima mara kwa mara kabla betri haijajaa. Sisi watoto tumeingiwa na hofu kwamba mawimbi yanamchoma nyama za ndani. Je, aache kuchaji?
Binti wa mgonjwa, Umoja

JIBU: Binti yangu, mpe mzee pole zangu. Kama pana malengelenge, uvimbe, kidonda, au wekundu usiotoweka baada ya saa chache, asitishe kuchaji na amwone daktari mara moja. Pasipo dalili hizo, asiache kabisa, kwa sababu betri ya namna hii ikikaa tupu kwa muda mrefu inaweza kuharibika, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine.

Kuhusu mawimbi, nataka niiondoe hofu hiyo, kwa maana inawafanya mtazame mahali pasipo na tatizo. Ndani ya chaja kuna koili, yaani waya uliozungushwa duara nyingi, inayopitisha mkondo wa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Uga wa sumaku unaotokana na mkondo huo hupenya ngozi na kuzalisha umeme katika koili ya pili iliyomo ndani ya kifaa. Katika masafa ya chini (masafa ni idadi ya mageuko hayo kwa sekunde) yanayotumiwa na vifaa vingi vya aina ya mzee, nyama na mafuta ya mwili hunyonya sehemu ndogo sana ya nishati hiyo. Joto kubwa huzaliwa kwenye vyuma: katika waya wa koili ya chaja, katika koili ya ndani, katika saketi inayonyoosha umeme ili uingie kwenye betri, na katika kasha la titaniamu, ambalo uga wa sumaku huliamshia mikondo midogo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe bila kufanya kazi yoyote ila kupasha joto. Tishu hupata joto kwa kuguswa na kasha hilo upande mmoja na chaja upande mwingine.

Kinachoongeza joto hilo zaidi ya chochote ni chaja kukaa kombo. Koili mbili zisipoelekeana, kifaa hupokea umeme kidogo, na chaja nyingi hujibu kwa kuongeza mkondo ili kufidia upungufu. Joto la waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo mkondo ukizidishwa mara mbili, joto huzidi mara nne, ilhali betri haijai haraka kwa kiasi hicho. Hali huwa hiyo hiyo mgonjwa anaponenepa na tabaka la mafuta likaisogeza koili ya ndani mbali na ngozi, au kifaa kinapoinama ndani ya mfuko wake mwilini. Kwa kuwa tatizo la baba yako limeanza siku hizi, nashuku mojawapo ya mambo haya. Mwombe daktari akipapase kifaa, na ikibidi apige picha ya eksirei, ili ijulikane kama bado kimelala sambamba na ngozi.

Kule kujizima kwa chaja ndiko kunakomlinda. Kihisi joto kimefikia kikomo kilichowekwa na kampuni, na saketi imekata umeme hadi joto lishuke. Nawasihi msijaribu kukishinda kwa kitambaa cha maji baridi au barafu, kwa sababu kihisi kilicho ndani ya chaja kitapoa na kuruhusu umeme uendelee, huku kasha lililo chini ya ngozi likizidi kupata moto usioonekana.

Mzee na aketi wima, aisogeze chaja polepole hadi alama za mawasiliano zionyeshe kiwango cha juu kabisa, kisha ndipo akaze mshipi. Avae fulana nyepesi ya pamba kati ya chaja na ngozi, na asiigandamize kwa kuegemea kochi. Mwezi wa Julai, Nairobi inapokuwa na baridi kali, wengi hujifunika blanketi wakati wa kuchaji, na blanketi huzuia joto kutoka. Ni heri achaji muda mfupi kila siku kuliko kungoja betri iishe na kuijaza kwa kikao kimoja kirefu, ikiwa maelekezo ya kifaa chake yanaruhusu.

Asichaji akiwa usingizini. Nyuzijoto 44 kwenye mkono ni kama maji ya kuoga yenye moto mzuri, lakini utafiti wa Moritz na Henriques uliochapishwa mwaka 1947 ulionyesha kwamba joto hilo likikaa juu ya ngozi kwa takriban saa 6 huiunguza. Mtu aliye macho angejisogeza mapema. Kama mzee ana kisukari au ganzi sehemu za mgongoni, hata akiwa macho huenda asihisi, na hapo mmoja wenu aiangalie ngozi kwa macho katikati ya kila kikao.

SWALI: Mjomba wangu ana pesimeka, kile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifuani. Je, nayo huchajiwa? Na je, mtu ambaye chaja ya kifaa chake imeharibika anaweza kutumia ile sahani ya kuchajia simu bila waya?
Msomaji, Kayole

JIBU: Pesimeka za leo kwa kawaida hazichajiwi. Ile ya kwanza kupandikizwa mwilini, aliyowekewa Arne Larsson nchini Sweden mwaka 1958, ilikuwa na betri iliyochajiwa kutoka nje, lakini betri za lithiamu zilizoanza kutumika miaka ya 1970 hudumu miaka mingi, kisha kifaa kizima hubadilishwa.

Sahani ya simu isitumiwe kamwe. Masafa yake na nguvu yake vimepangwa kwa ajili ya simu, haiwasiliani na kifaa cha mwilini kujua lini ipunguze umeme, na hatari yake ni kupasha kasha la chuma bila kuijaza betri. Mjomba naye asiiweke karibu na kifua, kwani sumaku zinaweza kubadilisha utendaji wa pesimeka. Kampuni ya Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kwa kifaa kama hicho, na zaidi ya sentimita 30 zinapochajiwa bila waya.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi. Nimetengeneza koili ya kuchajia kifaa cha mwilini, na nilipoipima mezani joto lilipanda nyuzi 1 tu. Je, nimetimiza kiwango kinachotakiwa?
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Bado. Viwango vya kimataifa vya ISO 14708, vinavyohusu vifaa vya umeme vinavyopandikizwa mwilini, vinataka uso wa nje wa kifaa usizidi joto la kawaida la mwili, nyuzijoto 37, kwa zaidi ya nyuzi 2, na anayevuka hapo lazima athibitishe kwamba tishu hazitadhurika. Kipimo cha mezani hakikuambii hilo. Tengeneza jeli ya maji ya chumvi na agari, iweke katika maji ya nyuzijoto 37, zika kifaa kwenye kina utakachotumia, na uendelee kuchaji mpaka joto liache kupanda. Jeli haina damu inayobeba joto, kwa hiyo itakuonyesha hali mbaya kuliko ya mwili ulio hai, na hiyo ndiyo unayotaka kuijua. Tumia vipimajoto vya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, maana waya wa chuma ndani ya uga wa sumaku hujipasha wenyewe na kukupotosha. Rudia yote hayo koili zikiwa zimepishana sentimita 1, kisha 2.

Upande wa usanifu, wanafunzi wengi huacha umeme wa ziada uteketezwe ndani ya kifaa ili kulinda betri, na umeme huo wote huishia kuwa joto ndani ya mwili. Afadhali kifaa kiiarifu chaja kila mara kimepokea kiasi gani, ili ziada isitumwe kabisa. Ukitumia kasha la chuma, baki kwenye masafa ya chini, kwani mikondo ya ndani ya chuma huzidi kadiri masafa yanavyopanda. Ukitaka masafa ya juu, toa koili nje ya kasha na uweke karatasi ya feraiti (kauri yenye sifa za sumaku) kati yake na chuma, lakini hapo tishu zenyewe zitaanza kunyonya nishati, nawe utapaswa pia kuheshimu kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ayoni, cha wati 2 kwa kilo, kwa wastani wa gramu 10 za tishu za kichwa au kiwiliwili cha mtu wa kawaida.

Kabla ya kumpandikizia mnyama yeyote utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, basi anza kuliandaa ombi sasa, na uambatanishe vipimo vyote vya jeli, vikiwemo vile ambavyo joto lilivuka nyuzi 2.