Kwa Chipukizi Mnaosaini Kwanza na Kusoma Baadaye

Kijana mmoja wa timu yetu ya vijana amenitumia mkataba wake niusome. Nikafurahi, nikasema hatimaye mmoja wao amesikia. Kufungua ukurasa wa mwisho, nikakuta sahihi yake imeshakaa pale na tarehe ya juzi. Chini ya faili ameandika: "Kaka, naomba uniangalizie kama uko sawa." Mdogo wangu, mkataba ukishasainiwa hauangaliwi tena kama uko sawa. Unatekelezwa.

Wala si wa kwanza. Nimecheza ligi ya nyumbani, nikaenda nje, nikarudi, nikatundika daluga, na siku hizi nashinda na hawa vijana mazoezini. Nawapenda sana. Ila wananichosha, maana makosa yao ni yale yale ya kwetu, na yanafuatana vile vile. Kijana anajua uzito wa kiatu chake kwa gramu, anajua njumu za uwanja mkavu na za uwanja wa tope, lakini muulize mkataba wake unaisha lini, atakwambia "mwakani, nadhani." Nadhani! Hiyo ndiyo ajira yako, baba.

Mambo ya lishe, usingizi na mazoezi ya ziada makocha wenu wanayasema kila siku, sitayarudia. Nitasema yale ya kazi yetu yanayofanyika ukiwa umekaa kwenye kiti.

1. Mkataba

Kanuni za FIFA zinaweka ukomo wa miaka 5. Kwa mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18, ukomo ni miaka 3, na kinachozidi hapo hakitambuliki. Ukiona kipengele kinachosema mkataba utakuwa halali iwapo utafaulu vipimo vya afya au utapata kibali cha kazi, rudisha karatasi: hairuhusiwi kuandika hivyo. Vipimo hufanywa kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Uliza kama mshahara ulioandikwa ni wa kabla ya kodi au baada ya kodi. Uliza nani analipia upasuaji, nani analipa nyumba, nani analipa tiketi ya kurudi. Mkataba ukiwa na lugha mbili, uliza ni ipi inayotawala mkibishana. Ondoka na nakala yenye sahihi za pande zote mbili. Bonasi ya mabao uliyoahidiwa kwenye gari la mwenyekiti haimo kwenye mkataba, kwa hiyo haipo.

2. Wakala

Tangu 2023 wakala hupewa leseni na FIFA baada ya kufanya mtihani, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao. Mkataba wa uwakilishi kati yako na yeye haupaswi kuzidi miaka 2. Anayekuomba fedha ya "kukutafutia majaribio nje," mpe mkono wa kwaheri. Na wewe wa miaka 16 unayeambiwa kuna klabu inakusubiri Ulaya: uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira. Kama wazazi wako hawahami, kaa ukue.

3. Mshahara usipoingia

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia, na msimu huu nimeshawasikia vijana wawili wakipanga kufanya kile kile nilichofanya mimi.

Nilikuwa ugenini, klabu ya daraja la pili, na mkataba ulikuwa umebakiza zaidi ya mwaka. Mwanzoni mishahara iliingia kwa tarehe zake. Ikaanza kuchelewa wiki, ikachelewa wiki mbili, kisha ikakata. Mnaijua hali hiyo. Katibu wa klabu ukikutana naye kwenye korido yeye ndiye anayewahi kukusalimia, anakushika bega, anakwambia Jumatatu. Jumatatu ikifika ana simu sikioni. Wenyeji kwenye timu wana ndugu na wana nyumba, wanaweza kusubiri. Mgeni unadaiwa kodi ya nyumba, na nyumbani wanajua uko nje unakula maisha, kila simu inayoingia ina shida yake. Unaona haya kuwaambia kwamba huna kitu. Nilikopa kwa kipa wetu wa akiba, mtu ambaye naye hakuwa amelipwa.

Kwenye chumba cha kuvalia kulikuwa na maneno yanayozunguka: miezi miwili bila mshahara, mkataba umekufa, uko huru. Kila mtu aliyasema na hakuna aliyewahi kusoma yalikotoka. Miezi miwili ilipotimia ligi ikaenda mapumziko ya katikati ya msimu. Nikafunga begi, nikapanda ndege. Sikuandika barua, sikutuma hata barua pepe. Nilimrushia katibu ujumbe wa sauti uliojaa hasira, nikazima simu, nikaona nimejitetea.

Ni kweli kanuni inataja miezi miwili. Ni kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, kimekuwepo tangu 2018. Lakini kina nusu ya pili ambayo haikuwahi kufika kwenye kile chumba cha kuvalia: lazima kwanza uiandikie klabu, uitajie deni, na uipe siku zisizopungua 15 za kulipa. Siku hizo zikipita patupu, ndipo unapokuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba. Bila barua hiyo, unajiweka mikononi mwa klabu, iseme inavyotaka.

Nilipofika nyumbani klabu moja ikanitaka kwa dirisha dogo. Tukaelewana, nikasaini, nikaanza mazoezi. Wakaomba ITC, yaani cheti cha uhamisho wa kimataifa, kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho. Klabu ya kule ikapinga: huyu ni mchezaji wetu, ana mkataba, ametoroka. Tena walikuwa wamefanya jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoangalia akaunti. Siku chache baada ya mimi kuondoka waliingiza mshahara wa mwezi mmoja. Kwa hiyo kwenye makaratasi deni ni la mwezi mmoja tu, barua ya madai hakuna, na mchezaji hayupo kambini.

Nikaenda kwa mwanasheria wa chama cha wachezaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Barua ya siku 15 iko wapi?" Nikampa simu asikie ule ujumbe wa sauti. Aliusikiliza wote, matusi yangu na yote, akairudisha simu mezani bila kusema neno. Halafu akanieleza kilichokuwa mbele yangu. Nikionekana nimevunja mkataba bila sababu halali nitadaiwa fidia, na, kwa kanuni za wakati ule, klabu mpya itawajibika pamoja nami kuilipa. Na kwa kuwa nilikuwa bado ndani ya kipindi cha ulinzi, yaani ile misimu 3 ya kwanza kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, ningeweza kufungiwa miezi 4.

Klabu mpya iliposikia habari ya fidia ikapoa. Simu zikawa hazipokelewi. Dirisha likafungwa, nikawa nafanya mazoezi na timu nisiyoweza kuichezea, na siku za mechi nikawa nakaa jukwaani na nguo za nyumbani, mashabiki wananiuliza naumwa nini.

Mwishowe klabu ya kule ikaleta karatasi ya ukurasa mmoja. Iliandikwa kwamba tumekubaliana kuvunja mkataba na kwamba mchezaji hana na hatakuwa na dai lolote dhidi ya klabu. Mshahara uliobaki, bonasi za mechi, tiketi, na ule mwaka na ushee wa mkataba, vyote viliishia kwenye mstari huo. Nikasaini, maana nilitaka ITC yangu. Nilikuwa kwenye umri ambao mshambuliaji anatakiwa kuwa moto, na kwa nusu msimu sikugusa mpira wa mashindano. Kikosi cha timu ya taifa kikatangazwa bila jina langu. Kocha hakuwa na kosa: utamwitaje mtu asiyecheza?

Kinachonichoma mpaka leo ni yule kipa aliyenikopesha. Yeye alibaki. Aliandika barua yake, akaendelea kuja mazoezini kila asubuhi, akahesabu siku zake 15, akavunja mkataba kihalali na kupeleka madai FIFA. Mchezaji hatozwi gharama za kesi kule, kwa hiyo hakuhitaji kukopa ili adai. Akapewa mishahara yake pamoja na fidia ya kipindi kilichobaki. Klabu ikapewa siku 45 kulipa, ikijua kwamba isipolipa itafungiwa kusajili, na ikalipa. Tulikuwa tunavalia jezi chumba kimoja, tunadai klabu moja. Alipopata fedha zake alinipigia simu. Nilijua nina deni lake, nikaanza kujieleza, akanikata: alitaka tu kujua kama nimepata timu.

Kwa hiyo mshahara ukichelewa, usigome na usiondoke. Fika mazoezini, na ukizuiwa mlangoni andika kwamba umezuiwa, tarehe na saa. Andika barua pepe kwa lugha ya mkataba: miezi gani, kiasi gani, akaunti gani, siku 15. Nakala ipeleke kwa chama cha wachezaji. Tunza taarifa za benki. Na usilale na dai lako, kwa sababu ikipita miaka 2 FIFA hawalisikilizi tena. Msione haya, hamko peke yenu: FIFPRO, umoja wa vyama vya wachezaji duniani, walipowauliza wachezaji wa nchi 54 mwaka 2016, asilimia 41 walisema wamewahi kucheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia.

4. Nenda utakakocheza

Vijana wanataka jina la klabu la kuweka kwenye wasifu. Mimi nakuuliza: mbele yako kwenye nafasi yako wako wangapi, na kocha aliyekutaka bado yupo?

Mbwana Samatta alifika TP Mazembe 2011 na akakaa pale mpaka 2015, mwaka waliotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, akapewa na tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika. Genk ikaja Januari 2016, ubingwa wa Ubelgiji 2019, ndipo Aston Villa Januari 2020. Victor Wanyama naye alipitia Ubelgiji, Beerschot, kisha Celtic 2011, Southampton 2013, Tottenham 2016. Kila kituo walicheza. Nawajua wengine wengi, wenye vipaji vya kutisha, walioruka vituo wakaenda kusugua benchi kwenye uwanja mzuri. Benchi la ugenini lina baridi yake, na baada ya msimu mmoja hakuna anayekumbuka ulikuwa unacheza vipi.

Kutolewa kwa mkopo si adhabu. Ila kumbuka kwamba kwa kawaida unaruhusiwa kusajiliwa na klabu 3 kwa msimu na kucheza mechi rasmi kwa klabu 2 tu, kwa hiyo usihame hame kwa hasira.

Lugha, anza na maneno ya uwanjani: mtu mgongoni, geuka, rudisha, panda. Mwalimu bora ni mtunza vifaa. Mimi wa kwangu alikuwa mzee mmoja mkali aliyekataa kunipa soksi mpaka niziombe kwa lugha yake, na niwe nimesema "tafadhali." Wiki za kwanza nilimchukia. Mwezi wa tatu nilikuwa nampangia ukuta kipa wetu kwenye faulo, na ni yule mzee aliyenifundisha.

5. Mwili

Usimfiche daktari wa timu. Winga mmoja niliyemlea alikuwa anasikia nyama za paja zinavuta siku mbili kabla ya mechi iliyokuwa inakuja kutazamwa na maskauti. Akanyamaza. Akakimbia mpira wa kwanza mrefu, akashika paja, akalala. Maskauti walishaandika kwenye daftari zao, lakini si walichotaka kuandika. Angesema mapema angekosa mechi moja, alikosa msimu.

Dawa za maumivu usipewe na mchezaji mwenzako. Tramadol imepigwa marufuku siku za mashindano tangu Januari 1, 2024, na kwenye sheria za dawa zisizoruhusiwa kusema "sikujua" hakukusaidii: kilichokutwa mwilini mwako ni chako.

6. Kurudi nyumbani

Kurudi si aibu, mradi urudi ukiwa na miguu ya kucheza. Mkataba wa nje ukibakiza miezi 6 unaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baada ya hapo, kwa hiyo anza mazungumzo wakati bado unacheza, usingoje mpaka begi liko mlangoni.

Na kuna jambo nawaomba kwa moyo wote. Unapouzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hugawiwa klabu zilizokulea tangu mwaka uliotimiza miaka 12 mpaka 23. Ile timu ya mtaani iliyokuwa na mipira miwili na kocha asiyelipwa ina fungu lake humo, na tangu 2022 malipo hayo hupitia FIFA Clearing House, chombo cha FIFA cha kuzigawia klabu fedha hizo. Lakini fungu linafuata kumbukumbu za usajili. Kama ulicheza pale miaka minne na hakuna aliyekusajili kwenye shirikisho, fedha zinakwenda kwingine. Nendeni wiki hii kwa makocha wenu wa zamani, muulize majina yenu yaliandikwa mwaka gani, na kama hayakuandikwa, kaeni nao muwasaidie kuwasajili watoto walio pale sasa.