Mume wangu kaleta chujio la wavu, sasa nakunywa tope

SWALI: Shikamoo dada. Naomba unisaidie maana nyumbani tumeanza kununiana kwa ajili ya chujio la kahawa, watu wazima kabisa. Tuna mashine ile ya kawaida, maji unaweka nyuma, unga juu, inadondosha kwenye jagi. Miaka yote tumetumia karatasi. Mwezi uliopita mume wangu akaja na chujio la wavu wa chuma, akasema karatasi ni kutupa hela kila siku asubuhi, hili utazikwa nalo. Sawa, nikakubali. Ila tangu siku hiyo kahawa yangu ina tope, ukifika mwisho wa kikombe unatafuna, na wiki hii imeanza ladha nyingine siielewi, kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi. Yeye anasema hiyo ndo kahawa yenyewe, eti zamani nilikuwa nakunywa maji ya karatasi. Halafu daktari alishaniambia kolestro yangu iko juu kidogo, na dada yangu anasema kahawa ya wavu inaipandisha. Kweli hiyo au maneno ya watu? Na nani kati yetu yuko sahihi? (Mke wa Mzee Wavu)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na tope. Kila mmoja wenu ana nusu ya haki, na hiyo ladha ya mafuta yaliyokaa wala haitoki kwenye kahawa, inatoka kwenye chujio, nitafika huko maana naona ndo ugomvi wenyewe ulipo japo nyie mnagombania kitu kingine.

Kwanza kwa nini kikombe kimebadilika. Karatasi ukiishika unaona ni laini tu lakini ndani ni nyuzi nyuzi zimesongamana, maji yanapita na vilivyoyeyuka ndani yake, vumbi la kahawa linabaki na mafuta mengi yanabaki. Wavu una matundu, uinue dirishani utayaona, na chochote kilicho kidogo kuliko tundu kinapita zake, mafuta nayo yanapita bila hodi. Ndo maana kahawa ya wavu ni nzito, inakaa kwenye ulimi, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona vimng'ao vya mafuta vinaelea juu. Ya karatasi ni nyepesi na safi, kama kahawa yako ina kauchachu ka matunda unakasikia vizuri. Kwa hiyo mume wako hajakosea, kuna watu wanaupenda ule uzito kufa, wakinywa ya karatasi wanaona kama mtu kawaibia. We huupendi huo uzito, basi, ni ulimi tu, hakuna wa kumshtaki mwenzake.

Juzi nikajaribu mwenyewe ili nisikujibu kwa kukisia. Unga ule ule nimepima kwa mizani, maji yale yale, jagi moja kwa karatasi, jingine kwa wavu, nikamimina kikombe kimoja kimoja nikaviacha vipoe. Kisha nikavimwaga taratibu. Cha karatasi kilibaki na mstari mwembamba wa kahawia pembeni basi. Cha wavu kilibaki na utandu chini, laini kama udongo wa mtoni, nikapitisha kidole nikachora alama. Hilo ndo tope lako.

Sasa nikuulize, mlipobadilisha chujio mlibadilisha na unga? Nina hakika hapana. Unga uliozoea kwenye karatasi ni laini mno kwa wavu. Wavu unataka unga wenye chenga, ukiusugua kati ya vidole uhisi punje kama za mchanga mkavu, sio kama poda. Na kama mnasaga wenyewe kwa kile kimashine cha visu vinavyozunguka, hapo tena ni balaa kidogo maana kile hakisagi, kinakatakata, kinakupa vipande vikubwa na vumbi kwa pamoja, na vumbi lote linaenda kwenye kikombe chako. Kisagio cha meno, kile unachozungusha kuchagua ukubwa wa punje, kinatoa vumbi kidogo zaidi. Ukishapika liache jagi litulie dakika mbili, mimina polepole, na ile funda ya mwisho achana nayo, sio lazima umalize. Tope litapungua sana. Kuisha kabisa halitaisha, nisikudanganye.

Haya, ile ladha. Mafuta ya kahawa sio yote yanayopita, mengine yananasa kwenye nyuzi za wavu na kwenye ile fremu ya plastiki, yanakaa pale kwenye joto na hewa, yanachacha kama mafuta yoyote yale, kesho yake maji ya moto yanayasuuza moja kwa moja kwenye kahawa yako mpya. Nani anaosha hilo chujio? Na anaoshaje? Watu wengi wanaligonga kwenye ndoo ya taka, wanalipitisha kwenye bomba sekunde tatu, wanalirudisha. Hiyo sio kuosha, ni kulisalimia. Chujio la kudumu linataka lioshwe muda ule ule machicha yakiwa bado mabichi, maji ya moto yapige kutoka nje kuingia ndani ili yasukume vilivyonasa, tone la sabuni, suuza sana. Na mara moja kwa wiki liloweke kwenye maji ya moto yenye kijiko cha bekingi soda, nusu saa, kisha mswaki wa zamani ulio laini. Brashi ya waya hapana, itatanua matundu na tope litaongezeka. Kama maji yenu ni ya chumvichumvi na unaona ukungu mweupe, loweka kwenye siki na maji badala ya soda. Ukitaka kujua kama limesafika lishike dirishani tena, mwanga upite kila mahali sawasawa. Pakibaki na kiwingu cha kahawia hapo pana mafuta ya mwezi uliopita. Lifanye leo, uonje kesho, naamini nusu ya malalamiko yako itaondoka.

Na kolestro, dada yako hajasema uongo. Kwenye yale mafuta ya kahawa kuna vitu viwili vinaitwa kafestoli na kahweoli, hivyo vinapandisha kolestro, hasa ile mbaya. Habari ilianzia kwa watu wanaokunywa kahawa ya kuchemsha bila kuchuja huko kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, Norway, walitoa matokeo kuwa wanywaji wakubwa wa kahawa wana kolestro juu, baadaye ikajulikana kuwa ukiipitisha kwenye karatasi tatizo linapungua sana kwa sababu karatasi inayazuia hayo mafuta karibu yote. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine hukohuko Norway, watu zaidi ya laki 5 wamefuatiliwa kwa wastani wa miaka 20, na wanywaji wa kahawa ya karatasi wakaonekana wana nafuu kuliko wa kahawa isiyochujwa, hasa kwenye vifo vya moyo. Utafiti wa namna hiyo hausemi kwamba karatasi ni dawa, watu wanatofautiana kwa mengi, ila kwa mtu ambaye kashaambiwa na daktari kuwa kolestro imepanda, mimi nisingekuwa na mjadala hata dakika moja. We rudi kwenye karatasi. Na ukienda kliniki mwambie daktari unakunywa vikombe vingapi na unachujaje, wengi hawaulizi. Kafeini lakini usihangaike nayo, hiyo inayeyuka kwenye maji, karatasi haiizuii.

Hoja ya hela ya mume wako ni ya kweli pia, tuhesabu. Jagi moja kwa siku ni karatasi 365 kwa mwaka, pakiti ya 100 haimalizi miezi minne, na kama wageni ni wengi ndo kabisa. Wavu ukitunzwa unakaa miaka. Ila hesabu yake isisahau unga, maana unga wenye chenga unatoa ladha kidogo kidogo, mtu anajikuta anaongeza kijiko ili ipate nguvu. Pimeni, gramu 55 hadi 60 kwa lita moja ya maji inatosha kwa chujio lolote kati ya haya.

Kwa hiyo mimi kwenu ningeacha vyote viwili. Mashine nyingi za namna hiyo kile kikapu kinatoka, unaweka wavu au unaweka karatasi, hakuna anayelazimishwa. Asubuhi ni yako, karatasi. Yeye akitaka ya kwake jioni aweke wavu wake na aoshe mwenyewe, hapo ndo utajua kama anaupenda kweli. Msiweke karatasi ndani ya wavu mkadhani mmepatanisha, maji yanapita polepole sana, kikapu kinajaa, siku moja mtakuta machicha yameshuka mpaka mezani.

Na mwambie kwamba kero yako ina zaidi ya miaka 100. Karatasi ya kuchujia kahawa ilianzia kwa mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichoka na machicha kwenye kikombe, akachukua kopo la shaba akalitoboa kwa msumari, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanae akaiweka ndani. Mwaka 1908 akapata hataza, yaani haki ya ubunifu wake, na familia yake ikafungua kampuni kwa jina lake. Kwa hiyo hayo maji ya karatasi yana heshima yake.

SWALI: Habari dada, mimi nimeshaamua karatasi ila dukani kuna nyeupe na za kahawia. Nimesikia nyeupe zina sumu ya klorini. Nyingine zina namba, sijui ni za nini. (Msomaji Mwenye Haraka)

JIBU: Salama. Zamani karatasi nyingi zilifanywa nyeupe kwa gesi ya klorini, siku hizi watengenezaji wengi wanatumia oksijeni au njia isiyo na gesi hiyo, soma pakiti, huwa wanajisifia. Za kahawia hazijapaushwa kabisa na zina shida yao, ladha ya boksi. Dawa ni ile ile kwa zote, weka karatasi kwenye kikapu, mwagia maji ya moto, yamwage yale maji ya kwanza, ndo uweke unga. Ukibisha fanya hivi, yale maji uliyoyamwaga yaonje kidogo. Hutaruka tena hiyo hatua.

Namba ni ukubwa wa zile za umbo la pia, 2 kwa mashine ndogo, 4 kwa mashine ya jagi kubwa. Zile za kitako bapa zenye mikunjo kama sketi ni za kikapu cha bapa, haziingiliani, usilazimishe. Za pia zina mishono miwili, wa chini na wa ubavuni, ukunje wa chini upande huu na wa ubavuni upande ule kabla hujaweka, vinginevyo karatasi haikai sawa na inaweza kuachia katikati ya kupika. Yangu ilishaachia, asubuhi ya siku nina wageni bila shaka. Na ile ya kikapu ukiilowesha ukutani inashika, haijikunji ndani na kumwaga unga pembeni.

SWALI: Dada karatasi zikiisha usiku naweza kutumia tishu ya jikoni? Au kuirudia iliyotumika? (Mlevi wa Kahawa)

JIBU: Tishu ya jikoni ikilowa inachanika, na ikiwa nene inaziba, na haikutengenezwa kwa ajili ya maji ya moto ya kunywa. Siku moja ya dharura hutakufa, ila mimi ningepika kwenye sufuria tu, maji yakishatoka kuchemka nazima moto, natia unga, nakoroga, nafunika dakika nne, unashuka wenyewe chini, namimina juu juu. Kuirudia karatasi hapana, matundu yake yameshaziba na mafuta yapo yanachacha, utapata shida ya wavu mchafu bila faida ya wavu. Itupe na machicha yake kwenye mbolea ya bustani kama unayo, vinaoza pamoja. Kwenye sinki usimwage machicha hata kidogo.

SWALI: Mbona hamtaji chujio la kitambaa? Mama yangu alitumia hilo maisha yake yote. (Mwana wa Mama)

JIBU: Umenikamata. Kitambaa cha pamba kiko katikati, kinazuia vumbi karibu kama karatasi, mafuta kinaachia kiasi, kahawa yake ni tamu kweli. Shida ni matunzo maana kikikauka na mafuta ndani kinanuka na hakirudi. Mama yako nadhani alikuwa anakisuuza kwa maji matupu bila sabuni, sabuni inaingia kwenye nyuzi na haitoki. Kisuuze, kiweke kwenye bakuli la maji safi ndani ya friji, badilisha maji kila siku, mara moja moja kichemshe. Kikianza kupitisha maji polepole hata baada ya kuchemshwa, muda wake umeisha, shona kingine.