Usiguse santuri hizo kwa alkoli

Mdogo wangu wa Goma, hiyo chupa ya alkoli ya digrii 90 irudishe famasi kabla hujaifungua. Umeuliza bei ya santuri za opera alizoacha babu yako, umeuliza namna ya kuzituma Ulaya, halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukasema kesho utazipangusa kwa alkoli zipendeze kwenye picha. Hilo la mwisho ndilo limenikosesha usingizi.

Mimi niko Lubumbashi. Mjomba wangu alimpikia daktari mmoja Mbelgiji enzi mji huu ukiitwa Elisabethville, na daktari alipoondoka mwaka 1960 alimwachia gramafoni na sanduku la santuri. Nikazirithi. Ilikuwemo moja ya Adelina Patti, mwimbaji aliyezaliwa 1843 na kurekodiwa akiwa ameshapita miaka 60, nyumbani kwake kule Wales. Ina upande mmoja tu. Ukiigeuza, nyuma hakuna mifereji. Mnunuzi wa Brussels aliona picha, akaahidi dola 150, akaomba tu niitoe vumbi.

Nikaenda mjini kwa muuza diski za zamani. Bwana yule sijamsamehe mpaka leo. Hakuuliza ni santuri ya aina gani, hakuomba kuiona. "Alkoli, yaya, inatoa kila kitu." Kumbe maisha yake yote ameuza vinili, zile za plastiki zinazopindika! Kama hujui, si useme hujui?

Nikakaa barazani na pamba. Kupangusa mara ya kwanza, pamba ikawa nyeusi tii. Nikafurahi, nikasema uchafu wa miaka 60 huo unatoka. Pamba ya pili, nyeusi. Ya tatu, nyeusi. Sikujiuliza ni uchafu gani usioisha. Jioni ile nilipangusa santuri 11, ya Patti ikiwa ya nne. Zilipokauka, pale palipokuwa paking'aa kama mgongo wa mende pakawa kijivu, kama majivu ya makaa. Nikaweka sindano. Sauti ya mama yule ilitoka mbali, nyuma ya mlio wa ndagala kwenye mafuta ya moto.

Ule weusi ulikuwa santuri yenyewe. Hizi za mizunguko 78 kwa dakika zimetengenezwa kwa shelaki, ute wa wadudu wadogo wa India na Thailand, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Na shelaki huyeyuka kwenye alkoli. Fundi seremala jirani yangu hapa Kamalondo alishika kichwa nilipomsimulia: yeye akitaka vanishi ya kabati huchukua magamba makavu ya shelaki, anayaloweka kwenye alkoli hiyohiyo, kesho yake yameshakuwa maji. Nyumba ya tatu kutoka kwangu, na nilipita mlangoni kwake nikielekea mjini kuuliza.

Tumia maji, ndugu yangu. Anza na brashi laini kavu, maana vumbi la Goma ni la volkano, linakwaruza. Halafu maji yasiyo ya moto na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, kisha zisimamishe kivulini zikauke. Usiziloweke. Ukiuziwa dawa yoyote ya kusafishia diski, soma chupa kwanza: ikiwa na alkoli hata kidogo, iache dukani.

Bei? Santuri za Caruso, yule mwimbaji wa opera wa Italia, zimejaa dunia nzima, usizitegemee sana. Za zamani zenye upande mmoja zitenge. Lakini bei gani utaongea kama umeshaziyeyusha? Yule wa Brussels nilimtumia picha mpya. Akajibu mstari mmoja: "Umeiosha kwa alkoli?" Hakuandika tena.

Kesho anza na ile unayoipenda kidogo kuliko zote. Ioshe kwa maji, halafu uniambie kitambaa kimetoka na rangi gani.