Kanga ukiikata, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama kuikata kanga ukashona gauni la kuendea kazini huko Dar es Salaam ni kuivunjia mila heshima, kwa kuwa shangazi yako kakwambia kanga ni ya kujifunga na kujitanda, cherehani haimo.

Shangazi yako namheshimu sana. Lakini hiyo mila anayoitetea waliianzisha wanawake waliobadilisha mavazi yao wenyewe. Zama za utumwa, mjakazi hapa Unguja alivaa merikani, kitambaa kigumu kilicholetwa na merikebu kutoka Marekani, au kaniki, ambayo ni merikani hiyohiyo iliyotiwa nili. Alijifunga kwapani, kichwa wazi, maana kujitanda kulikuwa kwa waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, walioachwa huru waliitupa kaniki wakavaa kanga za rangi na maua, baadaye na buibui. Hakuna aliyewalazimisha. Walitaka waonekane kuwa nao ni wanawake wenye heshima zao. Mimi kila nikijitanda huwakumbuka hao, na ndiyo maana sikubali mtu akwambie kuwa kuchagua nguo ni kuiacha asili yako.

Basi kata, ila kata kwa adabu ya kanga. Fundi wa huko mwambie mapema: pindo likae chini ya gauni na kwenye mikono, mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, ukae kifuani. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, lisikatwe katikati. Nimeona gauni maneno yake yameishia kwapani, nusu mbele nusu nyuma, na kwangu hilo ni baya kuliko kuonesha goti. Kama jina halina pa kukaa, aliondoe zima. Na lisome kabla hujanunua. Jina la kumsuta mtu si la ofisini, wenzako watalisoma kabla hawajakuamkia.

Kisutu, kanga ya harusi, usikiguse. Kile ulichovalishwa siku ya harusi kibaki doti nzima, hata kikichakaa. Uwe pia na kanga nyingine zisizokatwa, kwa sababu zina kazi ambayo gauni haliiwezi: kusalia, kwendea msibani, kumbebea mtoto, kujifungia tumbo baada ya uzazi.

Na udi usiusahau. Najua huko mna manukato ya chupa, lakini gauni likishapigwa pasi, litandaze juu ya chetezo, moshi uingie kwenye pindo na kwapani, kisha likunje likiwa bado na joto. Ukipita mtu atajua umetoka nyumba gani, hata ukiwa umeshona mtindo wa kisasa namna gani.

Au nitumie vipimo ushonewe huku, maana mafundi wa hapa Mchangani wanajua pa kupitisha mkasi. Jumamosi nakwenda Darajani kukutafutia doti ya buluu. Jina nitakusomea kwa simu kwanza, usipolipenda silipii.

Mama yako